Magurudumu kwanza, rangi baadaye

Barua zenu za vichwa vya treni vya kujiundia zimekuja nyingi safari hii, tano zinauliza rangi. Nazijibu zote tano kwa mkupuo: chasisi yako, yaani fremu ya chini yenye magurudumu, imeshatembea? Kama bado, funika kopo.

*Shikamoo mzee. Nina seti ya kujiundia kichwa cha treni cha betri, kipimo 1:19. Nitandike reli ya milimita 32 au 45? (Makorora)*

Marahaba. 32. Chako ni kidogo mara 19 kuliko cha kweli: zidisha upana huo kwa 19 unapata milimita 608, yaani reli ya futi mbili, ndugu wa vile vijireli vya milimita 600 vya mashamba ya mkonge. Hiyo 45 ni ya wenye 1:22.5, wanaoigiza reli ya mita moja kama hii yetu, iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893 ikafika Moshi 1911. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Simu zenu zina kikokotoo, jamani.

*Changu kinakwenda kinyumenyume. (Pongwe)*

Badilishana nyaya mbili za mota.

*Kwenye reli iliyonyooka kinakwenda vizuri, kikifika kona kinaanguka. Niongeze uzito? (Chumbageni)*

Uzito utakiangusha kwa kishindo zaidi, basi. Chukua venia, ile rula ya chuma yenye taya, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa reli ya 32 inatakiwa 28. Pima sehemu tatu huku unalizungusha. Zikitofautiana, gurudumu limeingia upande. Lichomoe, ulirudishe kwa kulibana taratibu, si kwa nyundo.

Kisha weka chasisi juu ya kioo, upitishe karatasi ya risiti chini ya kila gurudumu. Ikipita chini ya moja, chasisi imepinda. Mimi yangu ya kwanza niliiunga juu ya meza ya kulia chakula iliyokuwa imevimba kwa masika, ikakauka inacheza kama kigoda kibovu. Na nilikuwa nimeshaipaka kijani, tabaka mbili! Nikabandua kila kitu. Ndiyo maana nawapigia kelele.

*Vile vipande vya madini meupe naweza kuvilehemu kwa chuma cha fundi redio?*

Vitayeyuka mkononi mwako. Tumia gundi ya mirija miwili.

*Mzee, seti inataka betri nne za AA. Fundi kanipa bure betri za laptopu kuukuu. Nikiunga mbili si kitakwenda mbio? (Ngamiani)*

Kitakwenda mbio, halafu kitanuka. Betri nne za kuchaji za AA ni volti 1.2 kila moja, jumla 4.8. Hizo za lithiamu mbili zikijaa zinafika 8.4. Mota ya volti tano utaikaanga, na kichwa cha kusukuma mabehewa hakikuumbwa kukimbia.

Tena za bure hazilingani. Moja inaisha mapema, mwenzake anaendelea kuikamua, na hapo ndipo moto unapoanzia. Iliyovimba usiiingize ndani kabisa. Usilehemu waya moja kwa moja kwenye betri, tumia kikasha chake. Fyuzi iwe karibu na upande wa chanya. Na usichaji usiku juu ya godoro ukalala. AA za 2,000 mAh, yaani zinazotoa ampea 2 kwa saa moja, mota ikila ampea 0.4, zinakupa kama saa tano. Unataka nini tena?

*Naweza kuandika jina la shamba la mkonge ubavuni? (Muheza)*

Chako, andika hata jina la shangazi. Vichwa vya betri vya kweli makao yake hasa ni migodini, kwenye mahandaki na maghala ya baruti, kusikotakiwa moshi wala cheche. Kwa hiyo andika utakavyo, ila usikiwekee bomba la moshi. Mmoja kaniletea chenye bomba, tena kalipaka masizi juu!

*Rangi ya kupuliza imepauka kama jivu.*

Ulipuliza jioni, au mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Unyevu wa pwani huo. Subiri jua likolee, saa nne asubuhi hivi. Lakini turudi kule kule: kimeshatembea?

*Mzee, nikuletee unitazamie?*

Jumamosi baada ya alasiri. Kije kitupu, bila rangi.