Mwanangu, kuhusu hilo swali lako la maandamano

Mwanangu,

Nimeisoma meseji yako ya usiku, eti "Mama, tutoke tena barabarani ama tungoje kura ya 2027?" Nimeandika jibu nikafuta, nikaandika nikafuta, sasa acha nikuandikie marefu, ukichoka kusoma shauri yako.

Nyinyi mnadhani hasira zilianza na Finance Bill yenu ya 2024, ule mswada wa kodi. Sisi tulipanga mlolongo bana. Mwaka 1988, mchujo wa KANU, chama kilichokuwa kikitawala peke yake, hakuna karatasi hakuna sanduku, unasimama kiwanjani nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, jua la utosi, chifu anakutazama usoni. Na mgombea akipita asilimia 70 basi, kura ya siri hampigi tena. Mimi nina mimba ya kakako, niko kwa mstari mrefu umezunguka uwanja mpaka kwenye miembe. Kugeuka hivi, kwa ule mstari mfupi wa mtu wa wakubwa, namwona babako. Anaangalia viatu vyake.

Unamjua babako na ile kazi yake ya serikali. Karani akapanda kiti akatangaza mstari mfupi umeshinda. Watu wakacheka, walidhani amekosea kusoma, halafu kicheko kikakatika. Usiku nilimpakulia chakula sikumsemesha, na mpaka leo nikikumbuka roho yaniuma.

Ndiyo maana nawaambia kila siku, mkubwa haogopi kelele, anaogopa kuhesabiwa. Kibaki tulimshangilia Uhuru Park 2002, mtu yuko kwa kiti cha magurudumu na sisi tunalia kwa raha, miaka mitatu haijaisha kura ya maoni ya katiba ikaja, ndizi ni ndiyo na chungwa ni hapana, ndizi yake ikaanguka, na siku mbili baadaye akavunja baraza zima la mawaziri. Jioni ya ile kura babako alikaa barazani anamenya chungwa polepole, hasemi alipiga nini, anacheka peke yake. Nilifurahi mimi, we acha tu!

Lakini hata 1988 si tulihesabiwa? Tulihesabiwa, ila kalamu walishika wao. Na nyinyi Juni 25 hakuna aliyewahesabu, mlipiga kelele tu, Zakayo shuka, lile jina la mtoza ushuru mlilombandika Ruto, na kesho yake Ruto akakataa kuutia sahihi ule mswada. Haya, hapo maneno yangu yana tobo. Halafu nakumbuka watoto waliopigwa risasi pale bungeni, nasema la, kura. Halafu tena nakumbuka mlolongo wenyewe haukuondolewa kwa kuombwa vizuri, watu walitoka Saba Saba, Julai 7, 1990, wakapigwa, na kabla mwaka kuisha KANU ikauacha.

Kwa hivyo usinitegee niseme toka ama kaa. Ulimi unaniwasha, nakwambia ukweli, lakini nikisema toka ukapatwa na jambo sitalala tena, na nikisema kaa utaanza kunifananisha na babako wa mwaka ule, na babako pia alikuwa na watu wa kulisha.

Ila la kadi ya kura silinyamazii. Umejiandikisha? Manake 2022 uliniambia foleni ni ndefu ukarudi kulala, na wewe hata husimami nyuma ya picha ya mtu, unapiga kura yako peke yako hakuna chifu wa kukuangalia. Nijibu hilo kwanza, na usiniletee emoji.

Mamako