Hasira nyingi huanzia kwenye sentensi moja

Umetuma ripoti saa nne asubuhi. Saa tano msimamizi wako anajibu: "Sawa." Basi, hakuna asante wala maoni. Unaifungua ripoti tena na tena kutafuta ulipokosea, na hadi jioni hujagusa kazi nyingine. Mwenzako wa meza ya pili kapata jibu hilo hilo na kaendelea na shughuli zake.

Kilichowatofautisha ni kile ambacho kila mmoja alijiambia baada ya kusoma neno hilo. Mwanasaikolojia wa Marekani Albert Ellis alijenga tiba nzima juu ya jambo hili miaka ya 1950: kati ya tukio na hasira pana imani, na imani hiyo ndiyo inayotuvuruga zaidi. Tatizo ni kwamba hupita upesi sana, mtu akaapa kuwa haikuwepo.

Ndiyo maana ushauri wa "kuwa na mtazamo chanya" huwachosha watu. Haukupi pa kushika, na wengi huuelewa kuwa ni kumeza hasira huku unatabasamu. Mwanasaikolojia James Gross alilipima hilo katika utafiti wake wa mwaka 1998, akiwaonyesha watu filamu ya kuchukiza. Walioambiwa wasionyeshe chochote usoni waliendelea kuhisi karaha ile ile, na miili yao ilizidi kuhangaika kwa ndani. Walioambiwa waitazame kwa utulivu, kama jambo la kitaalamu tu, walihisi karaha kidogo. Kwa hiyo usihangaike na uso. Shughulika na tafsiri, tena mapema.

Chukua karatasi uandike mistari mitatu, siku hiyo hiyo kabla kumbukumbu haijajipamba. Wa kwanza: kilichotokea. Wa pili: nilichojiambia. Wa tatu: nilichofanya. Kwa mfano wetu: "Nimetuma ripoti saa nne, saa tano amejibu 'Sawa.'" Kisha: "Hajaridhika, ananidharau." Kisha: "Nimepoteza mchana mzima."

Wengi hukosea kwenye mstari wa kwanza. Huandika "Amenijibu kwa dharau", na hiyo tayari ni tafsiri. Jiulize kama kamera ingeweza kulinasa jambo hilo. Kamera inanasa neno "Sawa" na saa lilipoingia. Dharau haiinasi. Kwenye mstari wa pili pigia mstari maneno kama "kila mara", "kamwe", "lazima" na "wote", kwa sababu ndiyo huligeuza jambo la dakika moja kuwa hukumu ya maisha.

Halafu ongeza maelezo mengine mawili yanayolingana na mstari wa kwanza, angalau moja lisikuhusu wewe kabisa: alikuwa kikaoni, ndivyo anavyomjibu kila mtu. Hapa tunapambana na tabia aliyoieleza mwanasaikolojia Lee Ross mwaka 1977: mwingine akikosea tunalaumu hulka yake, tunasahau mazingira aliyomo. Usichague maelezo matamu kuliko yote. Chagua lenye ushahidi, na kama ushahidi haupo, uliza: "Kuna sehemu ya kurekebisha?" Swali hilo linachukua nusu dakika.

Ukifanya hivyo kwa wiki moja au mbili, huenda ukagundua kwamba sentensi zako ni chache na zinajirudia. "Hawanithamini." "Mimi ni wa kushindwa tu." Hiyo ya pili ndiyo inayokula mafanikio ya watu. Aliyekosa kazi baada ya usaili akijiambia "sina bahati", hana cha kufanya kesho. Akiandika "swali la tatu nilijibu bila mfano", anajua pa kuanzia. Andika sababu unayoweza kuigusa kwa mikono yako.

Matumaini nayo yana namna yake. Mwaka 1991 watafiti Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walifuatilia wanawake waliokuwa wakipunguza uzito. Waliotarajia kwa dhati kufaulu walipungua zaidi, lakini waliojaza vichwa vyao picha tamu za ushindi walipungua kidogo. Basi amini kwamba unaweza, kisha taja kikwazo chako waziwazi na ukipangie jibu, kwa muundo huu: "Ikitokea hivi, nitafanya vile." Kwa mfano: "Simu ikilia nikiwa nasoma, nitaipokea baada ya kumaliza ukurasa." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa namna hiyo hutekelezeka kuliko nia ya jumla kama "nitasoma kwa bidii". Vikwazo vitatu havihitajiki. Kimoja kinatosha kuanza nacho.

Ukiwa na njaa au usingizi, iache karatasi. Kula au ulale kwanza, maana kila sentensi itaonekana kweli. Wala usimpe zoezi hili mtu aliyefiwa. Huzuni yake haina kosa la kusahihisha.

Na wakati mwingine tafsiri yako ni sahihi: kweli unaonewa. Utajua pale mstari wa kwanza unapojirudia kwa tarehe tofauti, na kila maelezo mengine unayojaribu hayakai. Hapo acha kusahihisha mawazo yako. Nakili mistari yote ya kwanza, yenye saa, tarehe na maneno yaliyosemwa, uiache mistari ya pili, na upeleke malalamiko kwa mwenye mamlaka ya kuyashughulikia.