Kabla hujanunua kontrola ya tuktuk yako, hesabu ampea

Kontrola yangu ya kwanza, yaani kisanduku kinachopimia mota ya tuktuk ya umeme moto wa betri, iliungua saa kumi jioni, ndani ya kichochoro cha mchanga upande wa Shella hapa Malindi, tuktuk ikiwa imebeba mitungi 20 ya maji. Mitungi ya lita 20, kwa hiyo kilo 400 za maji peke yake. Gurudumu la nyuma lilizama, nami nikakazana na akselereta nikidhani nguvu itatutoa. Mota ilinguruma bila kuzunguka. Zikapita sekunde chache, nikasikia tak! kama kijiti kikavu kinavunjika, halafu ikaja ile harufu.

Vijana waliokuja kusukuma walinigombeza kwamba nimeacha breki imekaza. Breki ilikuwa imeachiwa. Mosfeti, yaani swichi ndogo za elektroniki ndani ya kontrola, zilizoungua zilikuwa zimeziunganisha waya za mota zenyewe kwa zenyewe, na mota ikishaunganishwa hivyo hujishika kila ukiizungusha. Nilifungua waya tatu nene za mota kwa spana, gurudumu likalegea pale pale.

Kesho yake nilimpelekea fundi mmoja mtu mzima kontrola hiyo. Akaipindua mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, hii ulipima ampea au ulisoma karatasi?"

"Nilisoma karatasi, mzee."

Karatasi ya ubavuni ilisema 48V, 3000W, na mota yangu ilisema vivyo hivyo. Nikaona zimepatana. Naandika haya kwa sababu naona vijana wengi hapa mjini wanaotoa injini na kutia mota wakinunua kwa kusoma hiyo karatasi, na kontrola si kitu cha kununua mara mbili.

Wati hazikwambii kontrola itavumilia nini wakati wa kuondoka na mzigo. Kontrola ina ampea za aina mbili: zinazoingia kutoka kwenye betri na zinazotoka kwenda kwenye mota, yaani ampea za fezi. Hazilingani. Mota ikizunguka polepole inahitaji volti chache, kwa hiyo kontrola hushusha volti na kupandisha ampea. Betri ya volti 51 ikitoa ampea 20, mota inaweza kuwa inapokea ampea 120 kwa volti nane na nusu. Nguvu ni ile ile, ukiacha inayopotea kwa joto. Ndiyo maana mita ya betri yangu siku ile haikuonyesha jambo la kutisha. Na mota ikigoma kabisa kuzunguka, mkondo wote unapita kwenye mosfeti zile zile bila kupokezana na nyingine. Mchanga ndio mtihani wenyewe wa kontrola, na Malindi mchanga haukwepeki.

Kwa hiyo muulize muuzaji maswali mawili: ampea za betri ni ngapi, na ampea za fezi ni ngapi kwa muda mrefu, siyo kwa sekunde kumi. Akishindwa kujibu la pili, rudisha pesa mfukoni. Mota ya wati 3000 kwenye volti 48 hula takribani ampea 62 za betri. Mimi sasa natumia kontrola inayoweza ampea 100 za betri, nimeibana kwa 60. Kuibana kubwa ni afadhali kuliko kuikamua ndogo.

Volti nazo zihesabiwe betri ikiwa imejaa. Betri ya lithiamu fosfeti ya seli 16 huitwa ya 48, lakini ikijaa inafika volti 58.4. Kontrola nyingi za 48 zina kapasita (vihifadhi umeme) za volti 63 ndani, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo. Ukiwasha breki ya kurudisha chaji wakati betri imejaa na BMS, ile saketi inayoilinda betri, ikakata, volti hupanda ghafla na huna kinga. Hapa kwetu tambarare breki hiyo hairudishi cha maana, mimi nimeizima. Kuhusu kontrola za mawimbi laini na zile za mawimbi ya mraba zinazokwaruza, chukua laini ukiweza, abiria watakushukuru kwa utulivu wa mota. Na chagua inayokubali kupangwa kwa simu au kompyuta, iwe ya chapa ya Kelly, Votol au nyingine. Isiyopangika itakulazimisha kuishi na mawazo ya aliyeitengeneza.

Kwenye kufunga, anza na fyuzi ya umeme wa betri karibu kabisa na betri, halafu kontakta (swichi kubwa inayofungwa kwa umeme), halafu kebo ya milimita mraba 16 au zaidi. Usiunganishe betri na kontrola moja kwa moja: kapasita tupu hunyonya mkondo kwa kishindo na cheche hula terminali. Pitisha kwanza kwenye rezista ya omu 100 kwa sekunde mbili tatu, kisha funga kontakta. Kama kontrola yako ina waya wa kuifanya ijifunze mota yako, inua gurudumu, unganisha waya huo, acha mota izunguke hadi itulie, kisha utenganishe. Mota ikirudi nyuma, rudia.

Volti za chini kabisa nimezipanga 45, ili kontrola ilegeze kabla BMS haijakata. BMS haibembelezi. Inakata tu, na hutaki ikate uko juu ya daraja la Sabaki na lori liko nyuma yako. Kwa betri nne za asidi, tumia 42.

Sasa akselereta, na hapa nakuomba usome polepole. Ina waya tatu: mwekundu wa volti 5, mweusi, na wa ishara. Ukiiachia, ishara huwa karibu na volti 1. Ukikaza mpaka mwisho, karibu na 4. Waya mweusi ukikatika, ishara inaweza kuruka hadi 5, na kontrola isiyo na kinga itaelewa kwamba umekaza yote. Nimeuona waya huo kwa macho yangu. Nje plastiki ilikuwa nzima, lakini nilipoichuna shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, zimebaki nyuzi mbili. Tunakaa baharini, kaskazi na kusi zote zinaleta chumvi. Kwa hiyo kabla ya kubeba mtu yeyote, inua gurudumu, washa, kisha chomoa mweusi kwa makusudi. Mota ikikurupuka, kontrola hiyo haifai kubeba binadamu, hata kama ilikugharimu akiba yote. Fanya hivyo hivyo kwa swichi ya breki: ukigusa breki, mota ikate.

Kontrola nimeifunga kwenye bamba la alumini chini ya kiti, mahali penye upepo, na mafuta ya kupitisha joto katikati, tundu za waya zikitazama chini ili maji yadondoke. Viungio vyote nimevipaka grisi ya umeme, na kila baada ya miezi mitatu navichomoa kuviangalia.

Ukishuku mosfeti zimekufa, toa betri, ngoja kapasita ziishe, weka mita kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu wa mita kwenye hasi ya betri, mweusi kwenye kila fezi, yaani zile waya tatu nene za mota: zote tatu zikaribiane, kama 0.5. Kisha mweusi kwenye chanya na mwekundu kwenye kila fezi. Penye sifuri ndipo palipokufa.

Siku ya kwanza panga ampea za fezi nusu ya uwezo, nenda Mambrui na urudi bila abiria. Ukifika, weka kiganja juu ya kontrola. Ukishindwa kukiacha hapo mpaka uhesabu kumi, joto haliondoki: tengeneza bamba kwanza, mzigo usubiri.