Maswali Yenu: Eti Pomboo Wana Majina?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Juzi nimebishana na mwenzangu, yeye anasema pomboo wanaitana kwa majina kama watu, nikamwambia acha uongo mnyama ajipe jina wapi. Mpaka leo hatuongei vizuri, tusaidie. – Mbishi

JIBU: Marahaba Mbishi. Pole sana, hapa umeshindwa, au tuseme umeshindwa robo tatu hivi. Wale pomboo wenye mdomo mfupi kama shingo ya chupa, ambao ndo tunawaona sana kwenye TV, kila mmoja ana mluzi wake, unapanda na kushuka kwa mtindo wake mwenyewe, na anaupiga hasa akitengana na wenzake. Melba na David Caldwell waliliandika hili mwaka 1965 kwa pomboo waliokuwa wanafugwa, halafu likathibitishwa kwa wa porini kule Sarasota, Florida, ambako watafiti wanawafuatilia pomboo walewale na watoto na wajukuu zao tangu 1970. Na kinachonifurahisha mie ni kwamba mtoto hapewi huo mluzi na mama yake, anasikiliza sauti zinazomzunguka halafu ndani ya miezi ya mwanzo anajitungia wake, na majike wengi wanakaa nao miaka na miaka.

Sasa je, WANAITANA? Mwaka 2013 Stephanie King na Vincent Janik walipiga chini ya maji nakala za miluzi ya pomboo wa porini huko Scotland. Pomboo akisikia mluzi wake anaurudia, kama vile anasema "naam, niko hapa", akisikia wa mwingine mara nyingi anaendelea na mambo yake. Ile robo yako iliyobaki ni hii: mara nyingi pomboo anapiga mluzi wake mwenyewe kujitambulisha, kuuiga wa mwenzake ni nadra, na wanaoigana ni walio karibu sana, mama na mtoto au madume marafiki. Kwa hiyo ni jina, ila mwenye jina ndo anayelitaja zaidi kuliko wengine. Kamwombe msamaha mwenzako.

SWALI: Kwani hawawezi kujuana kwa sauti tu, kama mimi ninavyomjua mama kwenye simu hata kabla hajasema jina?

JIBU: Swali zuri kuliko la Mbishi (usimwambie). Pomboo hapigi mluzi kwa mdomo, kuna vijimidomo vya nyama ndani ya njia ya hewa, chini ya lile tundu la kichwani, hewa ikipita vinatetemeka. Akizama, maji yanaibana ile hewa na sauti inabadilika, kwa hiyo sauti yake akiwa juu na akiwa chini sio ileile, lakini ule mtindo wa kupanda na kushuka unabaki. Mwaka 2006 watafiti wa Sarasota walitengeneza kwa kompyuta miluzi iliyoondolewa sauti ya mwenyewe ukabaki mtindo peke yake, na bado pomboo waliwatambua ndugu zao. Na ukumbuke hana pua ya kunusa, maji yakiwa na tope haoni mbali, ila sauti ndani ya maji inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. We ungetumia nini hapo?

SWALI: Pomboo wanaishi familia kama tembo?

JIBU: Hapana, na hapo ndo utaelewa kwa nini jina ni muhimu. Kundi la pomboo halitulii, sasa hivi wako sita, baada ya saa moja wawili wameondoka na wanne wengine wameingia, na vikundi vikikutana baharini wanapigiana miluzi kwanza, ni kama hodi. Wanaodumu ni mama na mtoto, miaka mitatu minne hivi, na madume. Pale Shark Bay, Australia, madume wanashikamana wawili au watatu kumchunga jike asiondoke (ndio, wakati mwingine kwa nguvu, tusiwafanye malaika), halafu vijikundi hivyo vinaungana na vingine kupambana na wapinzani, na urafiki huo unaweza kudumu miongo. Utafiti wa 2018 wa hukohuko ukakuta madume hao pamoja na kushikamana kote kila mmoja kabaki na mluzi wake. Kwangu ina mantiki, ukiwa na washirika kumi na kitu lazima ujue nani alikusaidia na nani alikukimbia.

Kuhusu mama: mwaka 2023 walitoa matokeo ya majike 19 wa Sarasota, walewale walirekodiwa wakiwa na mtoto na wakiwa bila mtoto. Wakiwa na mtoto mluzi uleule wanaupandisha juu zaidi, yaani wanambembeleza kabisa kama sisi na vichanga.

SWALI: Lile tabasamu lao ni furaha kweli?

JIBU: Wala. Ni umbo la taya, hata akiwa mgonjwa au ana hasira anatabasamu vilevile. Ukitaka kujua ugomvi wao angalia mistari kwenye ngozi, mingi ni alama za meno ya wenzake.

SWALI: Basi tuseme wana lugha? Lini tutaongea nao?

JIBU: Mluzi wa jina tumeupata, pia wana milio ya kupasuka haraka haraka wakigombana, na ile ya tik-tik ya kutafutia samaki. Ila sentensi, kwamba huyu kamwambia yule "fulani kaenda kula kule", hakuna aliyeonyesha hilo. Wanaotangaza kwamba programu ya kompyuta itawatafsiri karibuni mie nawasikiliza kwa sikio moja.