Mkuu, kabla ya yote tafuta namba ya jeshi ya mzee (yaliyotukuta sisi hapa Tabora)

Pole sana mkuu kwa msiba. Nimesoma ulivyoeleza, mzee alikuwa mstaafu wa JWTZ, huu ni mwezi wa pili sasa tangu afariki, mama yuko Kasulu, kila ofisi anaambiwa rudi kesho, na umeuliza kama kuna msaada wowote kwa wajane wa wanajeshi au ndo basi tena. Sisi yalitukuta hayohayo hapa Tabora. Nitakueleza yalivyokuwa, ni marefu kidogo, vumilia.

Mzee wangu alistaafu na cheo cha Sajini Taji. Vita ya Kagera alienda, ile ya 78 na Uganda ya Amin, akatembea kwa miguu mpaka Kampala, na akirudi kwenye hiyo stori haanzi na Kampala, anaanza na Lukaya, kule Uganda walikopigana vita kali, halafu ananyamaza. Baada ya hapo akahamishwa kambi hii na ile mpaka sisi watoto kila mmoja kazaliwa mkoa wake, akaja kumalizia hapa kambi ya Milambo. Kiinua mgongo akajengea nyumba Isevya, kilichobaki akafungua duka la spea za baiskeli ambalo lilikufa ndani ya mwaka maana nusu ya wateja walikuwa wa "afande, nitakuona mwisho wa mwezi". Kikabaki kile cha Hazina tu. Kwa wasiojua, wanajeshi wa enzi zao hawakuwa kwenye haya mambo ya NSSF, pensheni yao inatoka Hazina, na haikuwa pesa ya kutambia. Mpaka 2015 kima cha chini kilikuwa elfu hamsini na kidogo kwa mwezi, ndo kikapandishwa kufika 100,125. Hiyo mia na ishirini na tano naikumbuka kwa sababu mzee alikuwa haiachi, ukimuuliza anapata ngapi anakutajia yote, anasema hiyo ya mwisho ni ya kununulia kiberiti.

Alifariki usiku, hospitali ya Kitete. Hapa ndo kosa letu la kwanza lilipoanzia na nakuomba uliangalie na kwako. Aliyempeleka hospitali ni kijana wa jirani, sisi watoto tulikuwa mbali, mama amechanganyikiwa, kijana alipoulizwa jina la mgonjwa akataja lile la mtaani tunalomwita wote. Likaandikwa. Kutoka hapo likaingia kwenye kibali cha mazishi, kutoka kwenye kibali likaingia kwenye cheti cha kifo. Sasa jeshini mzee aliandikishwa kwa jina lake na la baba yake, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wakaweka majina matatu na moja wamelikosea herufi, cheti cha kifo kina jina la mtaani. Mtu mmoja, marehemu watatu! Nilipofika ofisi ya pensheni na bahasha yangu ya kaki yule karani akaangalia kwenye kompyuta, akaangalia tena, akaniambia huyu mtu hatuna. Nikamwambia amelipwa hapa miaka yote, akasema labda, lakini kwa jina hili hatuna.

Nilirudi nyumbani nimechoka kabisa aisee. Mzee mmoja mstaafu mwenzake alikuwa amekaa pale chini ya mwembe na mama, kaleta michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, nikamsimulia. Hakunijibu kuhusu majina, akaniuliza swali moja: "Namba yake unayo?" Sina. "Sanduku lake liko wapi?"

Liko chumbani miaka yote. Sanduku la bati, kijani iliyopauka, mama alikuwa anawekea vitenge vyake na juu kalitandikia kitambaa cha kudarizi kama meza. Tukatoa kitambaa. Kwenye mfuniko, kwa rangi nyeupe iliyopakwa na brashi kwa mkono, kuna herufi MT halafu tarakimu zake. Tarakimu moja kutu imeila, huwezi kujua ni tatu au nane. Yule mzee akaenda kwake akarudi na daftari la kikundi chao cha wastaafu, lile la kaunta lenye jalada gumu, akafungua, akaweka kidole: nane.

Ndo maana nakwambia mkuu, kabla ya yote namba. Askari kama mzee namba zao zinaanza na MT, maafisa zinaanza na P. Majina yanabadilika, namba ndo inayomtambulisha mtu. Tafuta kwenye barua ya kustaafu, kitambulisho cha pensheni, kitabu cha zamani cha benki, nyuma ya picha, kwenye sahani ya bati, popote, wale wazee waliandika namba kwenye kila kitu maana kambini usipoandika kinapotea. Nilipokwenda mara ya pili nikaanza na namba, faili likaonekana hiyohiyo siku. Yale majina matatu tukayamaliza kwa hati ya kiapo kwa wakili, kwamba fulani, na fulani, na fulani ni mtu mmoja mwenye namba hii.

Sasa mirathi. Mama kwa upande wetu alikuwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo kuzunguka maofisini isingewezekana, ukoo ukanichagua mimi niwe msimamizi. Mnakaa kikao, mnaandika muhtasari, kila aliyehudhuria anasaini, unaupeleka Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, unajaza fomu namba 1, wanabandika tangazo, asipotokea wa kupinga unapewa fomu namba 4, hiyo ndo barua yako ya usimamizi, bila hiyo hakuna ofisi itakayokusikiliza kuhusu hela. Halafu wengi hapa wanajisahau, ukishateuliwa una miezi minne kupeleka fomu namba 5 ya orodha ya mali na madeni. Usilale.

Kwenye muhtasari andikeni watoto WOTE. Nasema hivi nikiwa na aibu kidogo. Mzee alikaa kambi nyingi, unanielewa, na wakati tangazo liko ukutani akatokea dada mmoja kutoka kusini ana picha yake akiwa mdogo amepakatwa na mzee mwenye magwanda. Baba mdogo akataka kufoka. Mama ndo alimzuia, akasema huyu namjua, nilimsikia tangu zamani, andikeni. Tukarudia kikao upya, wiki tatu zikapotea, lakini angeweka pingamizi tungekuwa mahakamani mpaka leo. Siku hizi ndo anayempigia mama simu kuliko sisi wote.

Kuhusu swali lako lenyewe la mjane anapata nini. Kwetu sisi pensheni ya kila mwezi ilikoma, yakaja mafao ya mirathi kupitia msimamizi, yakagawiwa kwa utaratibu wa dini yetu, mama akiwa na watoto fungu lake ni moja ya nane. Kwa hiyo usimwambie mama asubiri kitu cha kila mwezi kama alivyozoea, mwandae mapema. Nyie peleka barua kwa maandishi, chukua nakala yenye muhuri wa kupokelewa, majibu ya mdomo ya dirishani yasahau.

Na toeni taarifa ya kifo haraka, benki na Hazina Ndogo, yaani ofisi ya Hazina hapo mkoani. Hili sisi lilitutoa jasho. Mzee enzi za mwisho alikuwa anaumwa, kumbe alikopa kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa wa mtaani, laki mbili, na dhamana ni kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri! Hatukujua. Amefariki, hatujatoa taarifa, pensheni ikaingia miezi miwili, jamaa anatoa tu. Baadaye tunaambiwa hela iliyoingia baada ya kifo inatakiwa irudi. Irudi na nani? Mimi hasira zilinipanda nikataka kwenda kuvunja vitu.

Wale wastaafu wa kikundi wakanikalisha chini. Walikwenda wao watatu, wamevaa kofia zao na makoti, mdogo wao ana miaka sabini, wakaingia kwenye ofisi ya yule jamaa, ni kibanda tu na meza, wakasalimia vizuri, wakakaa kwenye benchi. Hakuna aliyepandisha sauti. Mmoja akaweka fimbo yake juu ya meza akauliza kadi ya Sajini Taji iko wapi. Jamaa akaanza kueleza riba. Wakamsikiliza. Wakaendelea kukaa. Wateja wanachungulia wanaondoka. Kama saa nzima hivi, kadi ikatolewa kwenye droo, iko pamoja na nyingine nyingi zimefungwa na rababendi, na zile hela za miezi miwili akakubali kurudisha kidogokidogo. Alirudisha zote isipokuwa elfu arobaini, hiyo tuliifidia wenyewe tukaacha iende. Kwa hiyo kama kuna mzee mstaafu hapo mtaani kwenu bado anapumua, muulizeni kwa heshima kadi yake iko wapi. Na wale wanaopiga simu kwamba mafao yameongezeka tuma kwanza ada ya kushughulikia faili, ni matapeli wote, hakuna ofisi inayoomba hivyo.

Utaona kila nilipokwama waliotuvusha ni walewale. Hicho kikundi chao hakina hata jengo. Ni wazee wa Isevya, Ng'ambo na Cheyo, wanachanga elfu mbili kwa mwezi, wana sufuria kubwa tatu, turubai na lile daftari: namba, jina la jeshini, jina la mtaani, mke, watoto, mtu wa kupigiwa. Ukiondoka kwenye dunia hii wanajua wewe ni nani hata kama cheti kimekosea. Msibani walifika kabla ya ndugu zetu wa Sikonge. Makaburini walijipanga mstari, magoti mengine hayanyooki, wakapiga saluti. Upo pia MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu wa kitaifa, ulizieni viongozi wao hapo Kigoma, lakini pia tafuteni wazee wa mtaani, hao ndo wanaojua mlango wa kugonga.

Kuna kitu kingine nilikigundua baada ya msiba. Mzee usiku alikuwa anaamka anapiga kelele, amri za kijeshi, majina ya watu, anatoka nje peku. Majirani walisema karogwa. Mama anasema ilikuwa hivyo tangu 79. Hakuwahi kwenda hospitali kwa hilo, angesema nini? Lakini kila ilipozidi mama alikuwa anamtuma mtoto kwa yule mzee wa michembe, anakuja hata saa nane usiku, wanakaa nje hawaongei, wanavuta sigara mpaka alfajiri. Na mimi nilikuwa nadhani huyu mzee ni mgeni asiyejua muda.

Mjomba wangu yeye stori yake ni nyingine na inaniuma. Alienda vita hiyohiyo lakini kama mgambo, kutoka shambani kwake Urambo kwenye tumbaku. Vita ilipoisha wenzake wa jeshi wakarudi kambini, wao wakarudi kijijini. Hana pensheni, ana medali ya Kagera kaifunga kwenye leso. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anaitoa, anaivaa, anasikiliza redio. Kama mzee wenu alikuwa mgambo namba mtaitafuta hamtaipata, hangaikieni njia nyingine: kama kaya haina kitu mwenyekiti wa mtaa apeleke jina TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wakipita kuandikisha, na kama mama amefika sitini na hajiwezi, matibabu ni bila malipo kwenye hospitali za serikali, hilo liko kwenye Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Aende ustawi wa jamii na barua ya mtendaji apate kitambulisho cha wazee. Daktari atamwona bure, dawa ndo mara nyingi utaambiwa kanunue nje, jiandae.

Wakili kama hela hakuna usijichoshe, tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo kisheria tangu 2017 na hawatakiwi kukutoza, wa huku ndo alitusaidia kuandika muhtasari mara ya pili.

Ukishauandika muhtasari wenu nitumie picha PM kabla hujaupeleka mahakamani, nikuangalizie majina tu, herufi kwa herufi. Na mpigie mama leo, umwambie nguo na vyombo vya mzee visigawiwe kwanza, na kama kuna sanduku asikubali mtu alipake rangi.