Mkuu, usiwakimbize wazee mpaka 6.5

Mkuu, rudisha kalamu mfukoni kwanza.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Umetoka semina, umenogewa na habari za kutibu kwa ushahidi wa tafiti, sasa unataka kuanzia mwezi ujao kila mgonjwa wa sukari kwenye kliniki yako ashushwe HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, iwe chini ya asilimia 6.5. Asiyefika unamwongezea glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, kwa sababu ni bei rahisi. Halafu ukauliza ulipie app gani, muda wa kusoma majarida utautoa wapi na foleni imejaa mpaka barazani, na nesi wako umshawishije. Hayo mengine tutayafikia. Hilo la 6.5 ndilo limenitoa kitandani, maana hotuba hiyo hiyo nililishwa mimi.

Ngoja nikutajie slaidi uliyoonyeshwa. Utafiti wa ADVANCE, mwaka 2008, wagonjwa 11,140. Waliobanwa sukari wakafika 6.5, wenzao wakabaki 7.3. Kisha maandishi makubwa: madhara yamepungua kwa asilimia 10. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilipiga na paja la kuku likiwa mdomoni, kwa hiyo usijione mjinga peke yako.

Sasa ifungue hiyo asilimia 10 uone kilichomo. Kwa kama miaka mitano, waliopata madhara makubwa ya mishipa walikuwa asilimia 18.1 upande wa waliobanwa na 20.0 upande wa pili. Yaani watu wawili hivi katika kila mia, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwa kwenye figo. Vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Mshtuko wa moyo na kiharusi navyo hivyo hivyo. Walioshuka sukari vibaya walikuwa asilimia 2.7 dhidi ya 1.5. Na dawa waliyoanzishiwa ilikuwa gliclazide inayoachia taratibu, siyo hiyo glibenclamide yako ya kopo. Yote yamo kwenye makala ile ile, hayakufichwa popote. Yalirukwa tu.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Ukifungua toleo lile la jarida la kitabibu la New England, makala iliyo kabla ya ADVANCE inaishia ukurasa wa 2559, ADVANCE inaanza 2560. Na hiyo iliyotangulia ni ACCORD: watu 10,251 wa Marekani na Kanada, waliobanwa walilengwa chini ya 6.0. Walikufa 257 upande wao, upande wa wenzao 203, ikabidi mbano wenyewe usitishwe kabla ya wakati. Bingwa wetu aliyetuhutubia semina alichukua makala moja akaacha jirani yake wa mlango wa pili. Hiyo siyo kusahau, mkuu. Hata mtoto anayenyofoa picha kwenye gazeti huona kilicho ukurasa wa pili.

Sasa nikueleze iligharimu nini.

Nilikuwa na bibi mmoja, miaka sabini na ushee, sukari ya siku nyingi, figo zimeanza kuchoka. HbA1c yake ilikuwa 7.8, ambayo kwa umri wake ilikuwa nzuri tu. Mimi nikaiona aibu ya kliniki. Nikampandishia glibenclamide, asubuhi na jioni. Kipimo kilichofuata kikarudi 6.3. Unajua nilifanya nini? Kwenye daftari lake la kliniki, mbele ya ile 6.3, nilichora nyota kwa kalamu nyekundu. Nyota, kama mwalimu wa chekechea. Bibi wa watu akafurahi, siku iliyofuata akanitumia vitumbua.

Alfajiri moja mwanawe akamleta na bajaji, amelegea kama nguo, kanga imelowa jasho. Usiku alikuwa amemeza kidonge chake kama nilivyomwelekeza, hamu ya kula hana, akanywa chai ya rangi akalala. Nyumbani walishakubaliana kuwa ni kiharusi, isipokuwa jirani aliyeshikilia kuwa ni jini. Nikamtoboa kidole: sukari 1.6, chini mno. Tukamsukumia dekstrosi, yaani maji ya sukari, kwenye mshipa, akafumbua macho, akaniangalia, akaniambia, "Dokta, mbona shati umelivaa nje ndani?" Kweli nilikuwa nimelivaa nje ndani. Tukacheka wote, mwanawe akaanza kutafuta bajaji ya kurudi.

Kabla ya adhuhuri akazima tena. Glibenclamide kwenye figo zilizochoka haiondoki kwa sindano moja, inaendelea kuikamua kongosho itoe insulini ya kushusha sukari, saa na saa. Ndipo tukamlaza kwa dripu, na ndipo nesi, siyo mimi, akaona mguu wa kushoto umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko wa kulia. Alikuwa ameanguka mlangoni mwa choo usiku ule. Nyonga imevunjika. Kiwanja kikauzwa kulipia upasuaji. Tangu hapo daftari huletwa na mwanawe.

Nilimpigia simu yule bingwa. Siku hizo bado nilidhani atashtuka. Akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Dokta, kila tiba ina gharama zake." Gharama zake! Mbona kwenye slaidi hazikuwepo? Ukumbi ulilipiwa na wauza dawa, kuku kalipiwa na wauza dawa, mkoba wenye nembo ninao mpaka leo, nauwekea vitunguu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaiandika hapa mpaka mod achoke: utafiti usibadilishe mkono wako unaoandika dawa mpaka ujue MGONJWA alipata nini. Siyo maabara. Mgonjwa. Aliishi zaidi? Hakupofuka? Hakukatwa mguu? Alipanda ngazi bila kuhema? Namba ikishuka bila hayo ni kama fundi aliyezima taa ya oili kwenye gari lako kwa kukata waya.

Na usidhani ni sukari peke yake. Kulikuwa na dawa za moyo, encainide na flecainide, zilizokuwa zikifuta mapigo ya ziada kwa watu waliopona mshtuko wa moyo. Karatasi ya ECG, mchoro wa mapigo ya moyo, inatoka safi, daktari anatabasamu. Utafiti wa CAST ukaja kuzilinganisha na kidonge kisicho na kitu, matokeo kamili yakachapishwa 1991: katika makundi mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, waliokuwa kwenye dawa walikufa 63, kwenye kidonge kitupu 26. Mapigo ya ziada yaliisha kweli, na wenyewe wakaisha.

Sisi wa kliniki za kawaida, madaktari wa familia, ndio hasa tunaohitaji chujio hilo, kwa sababu hatuna muda. Slawson na Shaughnessy kule Marekani walishaliweka sawa tangu 1994: faida ya taarifa ni uhusiano wake na mgonjwa wako, mara ukweli wake, gawanya kwa kazi ya kuipata. Kama uhusiano ni sifuri, hata utafiti uwe safi namna gani, jibu ni sifuri. Makala tisa kati ya kumi utazitupa kwa kusoma muhtasari tu. Hapo umeshapata muda wako wa kusoma, swali la pili limejibiwa bila kutarajia.

Sasa kuna mtu atakuja hapa chini aseme nawaambia watu waache sukari ipande. Hapana. Mwenye HbA1c ya 12 anakojoa usiku kucha, mtibu. UKPDS ya 1998 ilifuata watu waliogundulika karibuni, wengi wa miaka hamsini na kitu, na kubana mpaka karibu 7 kuliwapunguzia madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25 hivi kwa miaka kumi. Mgonjwa wako wa miaka 45, mwalimu, hana ugonjwa mwingine, hamezi dawa inayoweza kumshusha sukari kupita kiasi, huyo kimbizana naye. Ila bibi mwenye figo mbovu anayelala bila kula siyo huyo. Chama cha kisukari cha Marekani chenyewe kwa wazee wenye magonjwa kadhaa kinaridhika na chini ya 8. Na orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeandika wazi kwamba glibenclamide haifai kwa waliopita miaka 60. Hilo halihitaji app ya kulipia.

App, ndiyo, uliuliza app. Usilipe chochote kwanza. Mwongozo wa Matibabu wa wizara ya afya unao bure kwenye simu, uanze nao. Kama mna uhusiano na hospitali au chuo chochote, ulizia kama wana Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa tangu 2002 unaofungulia taasisi za nchi zetu majarida ya kulipia. Nesi wako... kwa kweli wangu ndiye aliyeuona ule mguu, kwa hiyo sina ushauri wa kumshawishi, labda akushawishi yeye.

Leo jioni kabla hujafunga, toa mafaili ya waliopita miaka 65 wanaomeza glibenclamide. Wapigie waje wapimwe kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, na waulize kama wanakula usiku. Kisha leta hapa umri, kreatinini na dozi za hao watatu wa kwanza, bila majina, tuangalie nani ahamishiwe gliclazide na nani apunguziwe tu.