Ukilipia kupumzika, pumzika: hoteli ya juu ya jabali kule Bali

Dada mmoja wa Mbale kaniandikia inbox wiki iliyopita, ujumbe mrefu, nikamwomba ruhusa nijibu hapa juu najua si yeye peke yake. Anasema zamu yake ya kupokea pesa za kikundi inakaribia, anagonga miaka arubaini, watoto wako bodingi, na anataka aende zake Bali, kile kisiwa cha Indonesia, kwenye zile hoteli za afya na masaji zilizojengwa juu ya jabali, zile tunazoziona kwenye simu, bwawa limekaa ukingoni maji kama yanamwagikia baharini. Swali lake: ni pesa inaenda bure ama kweli mtu anarudi mzima?

Anarudi mzima, ila sio kwa yale yaliyoko kwenye menyu. Hio ndo jibu fupi. Refu ndo hili, chemsha chai kwanza.

Kwa wale wageni, mimi niko Kikuubo, lile soko la jumla la Kampala, nauza vyombo vya plastiki kwa jumla, mabeseni, ndoo, jerikeni. Simu yangu inaanza kulia kabla sijamaliza swala ya alfajiri, mteja wa Arua anataka bei, mteja wa Juba anasema lori limekwama mpakani, mpagazi anadai chake, na wewe unayesoma hapa najua unayajua haya juu sisi tunaotafuta ndo tulivyo, hakuna mtu alitupatia kitu mkononi. Nikafika mahali nalala macho yako wazi. Daktari akanipima presha, akanipima tena, halafu akaniambia "mama, tafuta usingizi kabla sijaanza kukuandikia vidonge." Nikaenda kuutafuta. Kwa pesa yangu.

Nikatangaza kwenye grupu la familia la WhatsApp, kwa heshima tu, watu wasije wakasikia kwa majirani. Wifi yangu akaandika: "Siku hizi tunapanda ndege kwenda kulipia hewa, na hewa ya kwetu Bombo ni ya bure." Emoji za kucheka zikajaa, ata ya kaka yangu mwenyewe ilikuwemo. Sasa mimi ndo nimemsomesha mtoto wa huyo wifi, ada ya muhula kwa muhula, sijawahi kuiandika kwenye grupu. Imepita muda lakini siwadanganyi, bado inaniuma nikiikumbuka.

Habari za tiketi siziandiki, zinachosha: Entebbe mpaka Doha, Doha mpaka Denpasar, uwanja wa ndege wa Bali, ni karibu masaa kumi, umefika. Shika tu kadi yako ya homa ya manjano, juu ukitokea Uganda wanaitaka, na sindano ipigwe angalau siku kumi kabla ya safari.

Hoteli sasa. Jina lake silitaji na mtaona kwa nini. Iko Rasi ya Bukit, kusini kabisa ya kisiwa, na hapo lazima niseme kitu ambacho matangazo hayasemi: Bukit sio ile Bali ya kijani ya mashamba ya mpunga, hio iko huko Ubud na Tabanan. Bukit ni jiwe la chokaa, pakavu, vichaka na upepo. Hekalu la Uluwatu limekaa ukingoni mwa jabali la kama mita 70 na hoteli nazo zimejipanga kwenye kingo hizohizo. Bahari unaiona yote, usiku unaisikia ikipiga chini huko mpaka kitanda kama kinapumua nayo, lakini kuifikia ni ngazi juu ya ngazi, na maji yakijaa ufukwe wenyewe unapotea, mawimbi ni ya wale vijana wanaoteleza majini na mbao. Kama ndoto yako ni kutoka chumbani ukaingia majini, usilipie jabali, nenda Sanur, kule mwamba wa matumbawe umezuia mawimbi na maji yametulia. Jabali ni la mtu anayetaka kukaa na kuangalia.

Mapokezi nikapewa taulo baridi na glasi ya kitu cha manjano, halafu kadi yangu ya benki ikakataa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Yule kijana wa mapokezi anatabasamu tu, watu wako nyuma yangu, na mimi najua kuna pesa humo, niliiweka mwenyewe. Kumbe benki huko nyumbani imeona Indonesia ikadhani nimeibiwa. Niliwaandikia kabla ya safari, ujumbe ninao mpaka leo. Kwa hio: benki ijue, kadi ya pili iwepo, na dola safi zisizo na mikunjo ziwe mahali, kule nao wanazikataa zilizochakaa kama hapa kwetu.

Na uliza bei kamili. Hili nitalirudia. Kwenye menyu za Bali, bei inafuatwa na alama mbili za kujumlisha, ++, vidogo vidogo pale pembeni. Maana yake bado kodi na huduma, na mara nyingi vyote viwili vinafika 21 kwa mia. Masaji imeandikwa rupia 1,500,000, wewe unalipa 1,815,000. Hesabu ya haraka, gawanya rupia kwa kama nne na nusu unapata shilingi zetu, kwa hio hapo ni kama laki nne, kwa kulala kifudifudi. Mimi nilikuwa nishazoea kunusa bei tangu Kikuubo kwa hio niliuliza kabla ya kuvua viatu, lakini niliona watu bili inawapandisha presha ileile waliyokuja kuishusha.

Je masaji zenyewe? Nyingine ni maigizo. Kuna ile unalala wanakugongea mabakuli ya shaba, watu wanasema wameona mwanga, mi niliona njaa. Beseni la barafu, sitaki ata kulizungumzia. Ila boreh, wallahi boreh ni kitu. Ni dawa ya wakulima wa mpunga, walikuwa wakijipaka baada ya kushinda kwenye maji ya shamba: mchele uliosagwa, tangawizi, karafuu, mdalasini, kungumanga. Mama wa watu anakusugua nayo mwili mzima, anakufunika, anakuacha. Mwanzoni hamna kitu. Halafu joto linaanza mgongoni, linashuka mapajani, linazidi mpaka unajiuliza kama umwite, halafu hujui kilichotokea, umelala. Nilitoka nanukia pilau ya Idi.

Na kile kinywaji cha manjano cha asubuhi kinaitwa jamu, manjano yenyewe, ukwaju, tangawizi, sukari ya mnazi. UNESCO waliiweka kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2023. Ni kizuri, lakini usikinunue kwenye kichupa cha hoteli, toka nje ya geti, mama wa barabarani anacho.

Sasa lile lililonikera. Niko kando ya bwawa, nimevaa burkini yangu mpya, nina juisi mkononi, mgeni mmoja mama wa kizungu ananipungia aletewe taulo. Mimi! Nikamwambia nami nasubiri la kwangu. Uso ukamwiva. Nilipoenda kuwaambia wasimamizi wakasema pole na kunipa sahani ya matunda, yani embe ndo ifute. Ukienda sehemu hizi na ngozi kama yetu ujiandae, sio kwamba kila mtu ni mbaya, wafanyakazi wenyewe, watu wa Bali, walinitunza vizuri sana, lakini itatokea, na ukirudi chumbani kulia umempa yule mama chumba chako. Mimi nilirudi kwenye kiti changu palepale mbele yake nikakaa mpaka jua likazama.

Kitu kilichonirudisha mzima hakikuwa na bei. Kila asubuhi kwenye kizingiti cha kila mlango wanaweka kisahani kidogo cha majani ya mnazi, ndani yake maua, punje za wali, ubani juu, mara nyingine ata biskuti. Wanaita canang sari, ni sadaka ya dini yao. Siku moja nimeamka mapema nikamkuta dada mmoja wa usafi amekaa nyuma ya jiko anavisuka. Anakata jani changa, anakunja, anachoma kijiti cha mwanzi kama pini, kimekaa. Mikono ile! Mama yangu Bombo anasuka tabaga, zile kawa za rangi za Kinubi za kufunikia chakula, nimekulia chini ya mikono ya namna hio. Nikakaa. Hatukuwa na lugha, Kiingereza chake kilikuwa cha "good morning" tu. Akanipa jani. Changu kilikuwa kimepinda, akacheka, akakifungua akakianza upya. Kwa sababu ya dini yangu sikukipeleka mahali popote, nilisuka tu nikamwachia. Asubuhi hio sikuigusa simu, na sikukumbuka kama sijaigusa.

Na hapa kuna siri ambayo hakuna hoteli itakuuzia. Bali iko mbele yetu kwa masaa matano. Kule ikigonga saa sita mchana, Kampala ndo kwanza saa moja asubuhi. Yani tangu alfajiri ya kule mpaka kama saa nne asubuhi hakuna mteja wa Arua, hakuna Juba, hakuna grupu la familia, wote wamelala. Asubuhi karibu yote ni yako. Halafu jua likizama, ambalo ndo kila mtu amelilipia, kwetu ni saa saba mchana na simu zinawaka moto. Mimi jioni nilizima. Duka nilimwachia binti ninayemwamini, nikamwambia nipigie kama kuna moto tu. Hakupiga. Mkitaka kujua biashara yenu imesimama ama ni nyie mmesimama, ondokeni muone.

Ndo maana nawaambieni, ukilipia kupumzika, pumzika. Watu wanaenda kule kufanya kazi ya picha. Niliona mtu na mpenzi wake, kiamsha kinywa kile cha kuelea bwawani, wanakipiga picha mpaka chai inapoa na mayai yanaingia maji, halafu wanaondoka hawajala. Unamtuliza nani? Usipeleke rafiki wa kukupiga picha. Usitangaze. Mimi nilitangaza kwa heshima mkaona nilichopata. Mungu alikupa mwili mmoja, kikundi kinakupa pesa, na hakuna aya inayosema lazima mwili huo uumalizie kwenye shida za watu wengine kwanza. Wanawake wetu tunazika wenzetu wa miaka arubaini na tano, tunasema presha, presha, na pesa za rambirambi zinapatikana siku hiohio! Hizo hizo za rambirambi zingemlipia mtu wiki ya usingizi. Na uliza bei kamili.

Dada wa Mbale, wewe una bahati ambayo huioni. Sipi iko hapo juu yako Kapchorwa, kuna loji zimekaa ukingoni, lile poromoko kubwa linaanguka kama mita 100. Kabla hujagusa pesa za kikundi, panda kalale pale bila simu. Usiniambie Sipi ni sawa na Bali, sio sawa, baridi ya Elgon na joto la Uluwatu ni dunia mbili na hakuna mtu atakupaka boreh, lakini kama huwezi kukaa Sipi bila kuangalia simu basi Bali utaenda kuangalia simu ghali. Ama chukua feri ya Kalangala kutoka Nakiwogo pale Entebbe, visiwa vya Ssese ni vizuri, ila usiogelee ovyo, kichocho cha ziwa hakijali likizo yako. Ukiweza huko ndo uende mbali.

Na ukienda: Waislamu ulizeni chakula, Indonesia ni kati ya nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani lakini Bali wengi ni Wahindu na nguruwe yuko kila menyu. Hekaluni Uluwatu mnafungwa kitambaa kiunoni, na vueni miwani mapema, juu tumbili wa pale ni wezi waliosoma, watafiti waliandika mwaka 2021 kwamba wakubwa wao wanajua kipi binadamu anakithamini zaidi, wanaiba hicho, na hawarudishi mpaka wapewe chakula wanachokitaka. Nilimwona mmoja ameshika simu ya mtu, anakataa tunda baada ya tunda. Huyo Kikuubo angetajirika.

Wifi juzi kaniandikia inbox, sio kwenye grupu, anataka jina la hoteli. Nimeisoma, zile tiki za bluu anaziona. Nikijibu nitamtumia bei pamoja na ile 21.